Mitihani Miwili, Jumamosi Moja

Mashuka ya wazee hayangoji mtu. Kabla hakujapambazuka Anésie alikuwa amekwisha kuingia katika chumba cha kufulia cha ile nyumba ya wazee kule Seven Hills, magharibi ya Sydney, barakoa mbili usoni, miwani ya plastiki imejaa mvuke, anachomoa mashuka kwenye mashine na kuyasukuma kwenye kikaushio. Chini ya barakoa midomo yake ilikuwa inakwenda. Wenzake walidhani anaimba. Alikuwa anasali. Kila siku alikuwa na maombi mengi, ya wagonjwa wa kanisani na ya ndugu waliobaki Bukavu, lakini Ijumaa hiyo ya Agosti alikuwa na moja tu, analirudia kama mtu anayegonga mlango na ndani anasikia watu wakiongea: Bwana, mwonyeshe mtoto mtihani wake.

Mtoto ni Aksanti, binti yake wa pekee. Mitihani ilikuwa miwili, yote ya kuingilia uinjinia, na yote imepangwa Jumamosi, yaani kesho, saa nne asubuhi. Wa kwanza ulikuwa wa chuo cha ufundi pale Parramatta. Huo Aksanti alikwisha kuufanya mara moja, mwezi wa sita kabla mji haujafungwa, akakosa kwa alama chache. Sasa walimwita aurudie. Ukifaulu hapo unasoma diploma, unatoka fundi mkuu, unasimama chini ya injinia na kumshikia vipimo. Wa pili ulikuwa wa chuo kikuu, umetolewa mwaka huu kwa vijana ambao alama zao za shule ziliharibiwa na corona. Huo unafanyiwa nyumbani, mbele ya kamera ya kompyuta. Ukifaulu hapo unatoka injinia mwenyewe. Mtu mmoja hawezi kuketi kwenye mitihani miwili saa ile ile. Na mwisho wa kujiondoa kwenye mmoja ulikuwa leo, saa sita mchana; usipojiondoa, ule usioufanya unahesabiwa umeanguka.

Anésie alimaliza zamu yake akapanda treni. Behewa lilikuwa karibu tupu. Kwenye kituo cha Granville polisi wawili na mwanajeshi mmoja walisimama mlangoni. Polisi kijana alitaka kibali cha kazi. Anésie akamwonyesha kwenye simu. Akataka kujua mbona amebeba mfuko.

"Work clothes," Anésie akasema.

"Open it, please."

Akaufungua. Polisi akachungulia sare yake chafu na chupa ya chai, akamwambia aende moja kwa moja nyumbani. Juu, helikopta ilikuwa inazunguka. Magharibi huku kila mtu alikuwa anajua kwamba upande wa baharini watu wanatembeza mbwa ufukweni na kahawa mkononi, na huko helikopta haiendi. Walishachoka kulisema.

Kwenye ngazi za fleti alimkuta Oloo, Mkenya wa ghorofa ya chini, dereva wa teksi ambaye abiria wamemwishia. Alikuwa ameketi na kandambili zake juu ya soksi, anaota jua.

"Mama Aksanti. Umerudi na corona ama umeiacha Seven Hills?"

"Nimekuletea wewe, Baba Oloo, ikupikie. Si mke wako yuko Kisumu?"

Oloo akacheka, akasogea ukutani kumpisha. "Na injinia wetu ameamua?"

"Bado. Anangoja saa sita imle."

"Mwambie aende ya university. Hiyo diploma ni ya kufungulia wenzake mlango."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Na ya karibu ikiwa bua la mahindi, itaua nini, mathe?"

Anésie alipanda akisema moyoni kwamba Waluo wana maneno, lakini neno lile lilipanda ngazi pamoja naye.

Aksanti alikuwa mezani, kompyuta ya kuazima kanisani iko wazi mbele yake, chai imepoa na kuota utando. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka wake wa mwisho wa shule ulikuwa ule shule zilipofungwa. Nusu yake aliisoma kwenye simu ya mama yake, hesabu za kujaza ubao mzima zikiwa zimebanwa kwenye kioo cha upana wa kiganja. Usiku simu inakwenda kazini na mama, somo linabaki njiani. Alama zilipotoka, mwalimu alisema anasikitika.

Uinjinia hakuutoa kwenye televisheni. Alipokuwa mdogo, kule Kadutu, Bukavu, mvua ilinyesha usiku kucha, na alfajiri ukuta uliokuwa umeshikilia mlima nyuma ya nyumba yao ulishuka, ukashuka na nyumba, na baba yake Lazare alikuwa ndani. Majirani walisema ni Mungu. Anésie naye alisema ni Mungu. Mtoto, alipofika Sydney na kukua, alianza kusimama mbele ya kila ukuta wa kando ya reli na kuhesabu matundu madogo yaliyoachwa chini yake. "Hapa ndipo maji yanatokea, Mama," aliwahi kumwambia. "Ukuta wetu haukuwa na matundu." Tangu siku hiyo Anésie hajui tena namna ya kuisimulia ile asubuhi.

"Umekula?" aliuliza, akivua viatu.

"Not hungry." Aksanti Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku.

"Nimesali njia nzima."

"And what did He say?"

"Usimchezee Mungu." Anésie akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaja akaketi. "Niambie wewe. Ile ya Parramatta, unaiweza?"

Aksanti alifikiri, na alipojibu alisema polepole ili mama yake amfuate. Ya Parramatta alikuwa anaijua. Maswali yake yalimuuma mara moja, anajua meno yake yako wapi. Ya chuo kikuu hajawahi kuiona hata kwa mbali.

"Basi kwa nini bado unaangalia pande mbili?"

Binti akachukua kijiko, akauondoa ule utando juu ya chai. "Because of the wall, Mum," akasema. "The diploma people don't decide the wall."

Anésie alitaka kumwambia mengi. Alitaka kumwambia kwamba mjane hashiki kitu asichokiona, kwamba diploma ni mkate, kwamba fundi mkuu analala kwake na anakula vizuri. Alikuwa na haki ya kusema, na mtoto angetii, kwa sababu Aksanti hajawahi kumvunjia neno. Hilo ndilo lililomfunga mdomo. Saa ya ukutani ilikuwa imesogea mno.

"Chagua ule wa chuo kikuu," akasema. "Mimi nitakuwa nyuma yako."

"You mean it?"

"Nimesema."

Aksanti akabonyeza. Kwenye kioo yakatokea maneno: amejiondoa kwenye mtihani wa Parramatta, nafasi yake imekwenda kwa anayefuata. Walikaa wanayatazama. Kisha binti akamkumbatia mama yake, jambo ambalo tangu corona ianze walikuwa wanaliogopa, akavaa koti na barakoa, akatoka kwenda kupanga foleni ya kupimwa corona puani. Ghala anakofungasha mizigo siku za wiki halimruhusu mtu kuingia bila kipimo.

Hakuwa amekwenda mbali simu ilipolia. Ilikuwa simu ya Anésie. Kwenye mambo ya mitihani Aksanti alikuwa ameandika namba ya mama yake, maana laini yake yeye hubadilika kila inapotoka ofa mpya.

Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti ya furaha. Alitoka chuo kikuu. Alimtaka Aksanti.

"She go for test. The nose. I am mother."

Hapana shida, mwanamke akasema, ni neno moja dogo tu la kuhakikisha kabla ya kesho, hata mama anaweza kumsaidia. Simu inarekodiwa, je, ni sawa? Anésie akasema ni sawa. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kitambaa cha kufutia meza, akakiweka chini ili asikilize vizuri.

"Has Aksanti passed any other engineering entrance exam this year?"

Anésie alisikia kila neno, na akafurahi kwamba amelisikia. Labda wanataka kujua kama mtoto anaficha. Naye aliyeokoka hafichi.

"Yes," akasema. "She pass one. In June. The college, Parramatta."

Kule alikokulia Anésie, mtu akiingia chumbani, akaketi, akapewa karatasi, akaandika mpaka kengele ikalia, husemwa amepita mtihani. Masista waliomfundisha darasa la sita walisema hivyo kwa Kifaransa, na Kiswahili cha Bukavu kikalichukua neno bila kuuliza. Kama mtu ameshinda au ameanguka, hilo ni swali jingine, nalo huulizwa baadaye. Anésie alikuwa analingoja hilo swali jingine. Alikuwa hata na jibu lake tayari kwa Kiingereza, kwamba alikosa kidogo, kidogo sana.

Halikuja. Mwanamke alisema, "Oh, congratulations! You must be so proud."

Anésie hakushangaa sana. Katika nchi hii watu hupongeza kila kitu. Shuleni mtoto aliyefika wa mwisho kwenye mbio alikuwa anavalishwa utepe. "Thank you," akajibu. "God is good." Mwanamke akasema basi hatawasumbua zaidi, akamtakia mtoto heri, akakata. Anésie akachukua kitambaa chake akaendelea na meza, na alipokuwa anafuta alikuwa anaimba, safari hii kwa sauti.

Aksanti alirudi mchana umeinama, macho yamemwiva kwa ile pamba ya puani. Alifungua kompyuta kabla ya kuvua koti. Akasoma. Akarudi juu akasoma tena.

"Mum. Did someone call?"

"Wa chuo kikuu. Mwanamke mzuri. Wamekupongeza."

"For what?"

"Kwa ile ya mwezi wa sita. Aliuliza kama ulipita mtihani mwingine, nikasema ndiyo, ulipita."

Aksanti alimgeukia. Hakupaza sauti. Alimweleza neno moja moja, kama anavyomwelezaga dawa za hospitali: kwa Kiingereza, kupasi ni kufaulu. Mtihani wa chuo kikuu ni wa wale wasio na nafasi popote. Mama amewaambia kwamba yeye nafasi anayo. Wamemfuta.

Anésie alishika ukingo wa meza. "Lakini hakuuliza kama ulishinda."

"That was the question, Mum."

Walipiga simu. Muziki ukacheza, ukakatizwa na sauti ya kusema simu yao ni muhimu, ukacheza tena. Mwishowe akaja mwanamume. Aksanti akamweleza yote, kwa Kiingereza chake safi kisicho na kasoro hata moja. Mwanamume alikuwa mpole. Alisema anaelewa, lakini maelezo yaliyorekodiwa ni ya mzazi, na mzazi ndiye aliyeandikwa kuwa mtu wa kuwasiliana naye. Aliyesema ndiye arekebishe. Aksanti akasema mama yuko hapa, nitamtafsiria. Hapo mwanamume akasema hapana. Mtoto haruhusiwi kumtafsiria mzazi, ni utaratibu. Mkalimani ataletwa kwenye laini. Lugha gani?

"Swahili," Aksanti akasema.

Muziki tena. Anésie alikaa wima, mikono mapajani. Kiingereza kimemteka njiani, sawa, si chake. Sasa atasema kwa lugha yake mwenyewe, na mambo yatanyooka.

"Shikamoo, mama," ikaja sauti ya mkalimani. Kiswahili chake kilikuwa laini, kimenyooka, cha mtu wa pwani.

"Marahaba, mwanangu." Alihisi mabega yanamshuka.

Mwanamume wa ofisini akauliza, mkalimani akauliza: je, binti yake alifanya mtihani wa chuo cha Parramatta, na ulikwendaje?

Anésie akakohoa kusafisha koo. "Alipita ule mtihani," akasema taratibu, "lakini hakushinda."

Mkalimani akageuza. Aksanti, aliyekuwa amesimama dirishani, aligeuka kama aliyechomwa.

"She passed the exam," mkalimani alikuwa amesema, "but she did not come first."

"No, that's not what she said!"

"Tafadhali," mwanamume akasema kwa Kiingereza, "mwache mkalimani afanye kazi yake. Kuwa wa kwanza si sharti. Amepasi, basi."

"Mwanangu," Anésie akamwambia mkalimani, "sijasema hivyo."

"Mama, nimetafsiri vile vile ulivyosema. Umesema alipita."

"Ndiyo, alipita. Si aliingia, akaandika, akatoka? Amepita."

Mkalimani akasita. Kwa muda mfupi Anésie alimsikia yule kijana akipumua, akiligeuza neno, akitafuta upande wake wa pili. Lakini mwanamume wa ofisini alikuwa anauliza mama anasema nini, na mkalimani, ambaye kazi yake ni kutokaa kimya, akasema, "She confirms. She says she went in, she wrote, and she passed."

"Sema nilianguka!" Aksanti alilia, na kwa Kiswahili. "Mama, sema nilianguka!"

"Alianguka," Anésie akasema. "Alianguka mtihani. Mwambie."

Mkalimani akasema sasa: she failed. Upande wa ofisini kidole kilisikika kikigonga kitu. Kisha mwanamume akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba sasa ana majibu yanayopingana, na amesikia mwenyewe mzazi akielekezwa la kusema. Hawezi kuandika hilo. Suala litakwenda kwa kamati ya mapitio. Waambatanishe ile barua pepe ya chuo cha Parramatta inayoonyesha matokeo, na kamati itaisoma.

"When?" Aksanti akauliza.

Jumatatu.

"The exam is tomorrow."

Anaelewa, mwanamume akasema. Alikuwa na swali moja la mwisho kwa mama, nalo huulizwa kila anayetumia mkalimani: kutoka moja hadi tano, ameridhika vipi na namna alivyosikilizwa leo?

Mkalimani akalitafsiri. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hapana," Anésie akasema.

"Mama, wanataka namba."

"Hapana, mwanangu. Mwambie hapana."

Kijana akapumua. "No," akasema, na laini ikakatika.

Aksanti alituma ile barua pepe hata hivyo. Kisha akapiga Parramatta, na mashine ikamwambia ofisi imefungwa hadi wiki ijayo. Akaenda chumbani akafunga mlango, si kwa kishindo.

Oloo alipanda na kubisha. Kuta za fleti zile hazifichi kitu. Alisimama nje ya kizingiti, barakoa imemning'inia sikio moja, akasikiliza. Anésie alimsimulia pale pale mlangoni, na alipofika kwenye mkalimani Oloo akafumba macho.

"Mama, hata kwetu kupita ni kufaulu," akasema. "Huyo jamaa hakukosea."

"Na mimi?"

"Wewe pia hukukosea. Umesema vile unasema."

"Na yule wa ofisini anafuata utaratibu. Na yule mwanamke wa kwanza alikuwa na sauti nzuri." Anésie alikuwa anasema kama mtu anayepanga nguo zilizokauka. "Basi, Baba Oloo, hapa aliyekosea ni nani?"

Oloo alijikuna shingo. Alitazama chini kwenye ngazi, akatazama kandambili zake. Akasema ana samaki kwa friji, atawaletea. Akashuka.

Giza lilipoingia Anésie alifungua mlango wa chumba polepole. Aksanti alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, taa haijawashwa, simu inamulika kidevu chake. Anésie akaketi miguuni pake. Alitaka kuomba msamaha, na lile neno alikuwa nalo kwa lugha tatu, akaogopa kulitumia lolote.

"Ni kamati?" akauliza.

"Hapana." Aksanti alikuwa bado anasema Kiswahili, kwa shida, akiokota maneno. "Ni ghala. Wanataka watu kesho asubuhi. Walitaka toka juzi, mimi nilikataa."

"Na sasa?"

"Nimewaandikia ndiyo."

Anésie akautazama ule mwanga kwenye uso wa mtoto. "Hawakuuliza neno?"

"Kule hawaulizi, Mama," Aksanti akasema, na akaizima simu.